Sunstorm wa mwaka 2003: uchambuzi wa kisa cha roboti aliyerudishwa sokoni kwa rangi nyingine

Mpwa wangu alisimama mbele ya kabati ninamotunza roboti za kugeuka, akazitazama ndege mbili za kivita zilizopangwa bega kwa bega, moja ya kijivu na nyingine ya manjano, kisha akaniuliza kwa heshima lakini bila kuificha shaka yake: “Mjomba, huyu wa manjano si ndiye Starscream yuleyule, wakampaka rangi tu?” Nilimwambia avute kiti, kwa sababu kumjibu “ndiyo” peke yake kungekuwa kusema kweli na papo hapo kuficha karibu kila jambo linalofaa kujulikana kuhusu kichezeo kile. Ninaandika hapa uchambuzi tuliofanya pamoja jioni ile, kwa kirefu zaidi ya nilivyoweza kuueleza kwa mdomo.

Kichezeo chenyewe ni Sunstorm, kilichotolewa Japani mwaka 2003 na kuuzwa kupitia e-HOBBY, duka la mtandaoni lililojulikana kwa matoleo maalumu ya vichezeo vya kampuni ya Takara. Mwili wake ni ule aliopewa mwaka 1984 Starscream, mhusika wa vichezeo na katuni za Transformers: ndege ya F-15 Eagle ambayo pua yake hukunjwa na kujificha nyuma ya kichwa, chumba cha rubani kikawa kifua, mikono ikafunuliwa kutoka ubavuni, na sehemu ya nyuma yenye injini ikawa miguu. Hakuna bawaba iliyoongezwa wala kiungo kilichobuniwa upya. Kilichobadilika ni rangi, jina na kisa cha mhusika, na mambo hayo matatu ndiyo yaliyotolewa kwa mnunuzi kama kitu kipya. Mlalamikaji ana haki ya kuuliza alipie nini hapo.

Lakini kabla ya kumwita Sunstorm nakala ni lazima tukubaliane asili ni ipi, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Starscream mwenyewe hakuzaliwa Starscream. Mwaka 1983 Takara iliuza ndege hiyo katika mfululizo wa Diaclone, ambamo roboti hawakuwa viumbe wenye nafsi. Walikuwa mitambo iliyoendeshwa na marubani wadogo wa plastiki wenye sumaku miguuni. Ndiyo maana kifuniko cha chumba cha rubani cha Starscream hufunguka mpaka leo, ingawa kwa kisa chake hahitaji rubani: ni kiti cha mtu aliyeondolewa. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipochukua vichezeo vya Diaclone na vya mfululizo mwingine wa Takara, ikaviweka pamoja chini ya jina la Transformers mwaka 1984, iliipa ndege hii majina matatu kwa mpigo. Ya kijivu yenye nyekundu na buluu ikawa Starscream, ya buluu ikawa Thundercracker, na nyeusi yenye zambarau ikawa Skywarp. Mwaka uliofuata mwili huohuo ulibadilishwa mabawa, wakatoka Ramjet, Thrust na Dirge.

Kwa hiyo mwili huu haukuwahi kuwa wa mtu mmoja. Tangu siku ya kwanza aliyoingia dukani kwa jina la Transformers, Starscream alikuwa mmoja wa ndugu watatu waliotoka katika kalibu moja, na yeye mwenyewe alikuwa tayari ni kichezeo cha zamani kilichopewa maisha mapya. Anayemkataa Sunstorm kwa hoja ya kwamba ni mwili uliotumika tena itambidi amkatae na Skywarp, na sijawahi kukutana na mkusanyaji aliye tayari kufanya hivyo. Nilipomwonyesha mpwa wangu Skywarp, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa yule mweusi ni tofauti kwa sababu alikuwemo kwenye katuni. Jibu lile lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, maana alikuwa amekubali bila kujua kwamba rangi mpya huhalalishwa na sababu yake.

Nitaanza na namna rangi inavyopatikana, kwa kuwa jambo hili halionekani na hubadilisha hukumu nzima. Kitu cha gharama kubwa katika kutengeneza roboti wa kugeuka ni kalibu ya chuma, ambayo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani yake kwa shinikizo kubwa. Kalibu ikishakuwepo, kubadilisha rangi ya plastiki ni kazi ndogo ikilinganishwa na kuchonga umbo jipya, na hiyo ndiyo faida ya kampuni katika kupaka upya. Mchoraji wa rangi, hata hivyo, hayuko huru kama anayepaka ukuta. Vipande hutoka katika kalibu kwa makundi, vimeshikana kama matawi ya mti mmoja, na vipande vya kundi moja hutoka kwa rangi moja ya plastiki. Akitaka kipande kimoja kitofautiane na jirani yake wa kundi hilo, itambidi akipake rangi ya juu, na rangi ya juu hugharimu na hukwaruzika, hasa penye viungo vinavyosuguana kila roboti anapogeuzwa. Stadi wa kazi hii ni yule anayesoma makundi ya vipande kwanza, akapanga rangi zake zifuate mipaka iliyokwishawekwa na mtu mwingine miaka mingi kabla yake.

Sunstorm anapita mtihani huo vizuri. Manjano na chungwa zimeenea mwilini kwa namna inayofuata ugawaji wa vipande, kwa hiyo rangi iko ndani ya plastiki yenyewe, na ukikunja mabawa na kuchomeka ngumi mara hamsini huoni kijivu cha aibu kikichungulia chini ya rangi. Nilimpa mpwa wangu aikunje pua mwenyewe, akaona. Jambo jingine aliloliona kwa vidole vyake ni kwamba sehemu ya mwili ni chuma cha kumiminwa, baridi na nzito, jambo ambalo vichezeo vingi vya siku hizi vimeliacha. Uzito huo humfanya mtu amshike kwa makini, na katika kisa hiki ninauhesabu kuwa sehemu ya thamani ya kurudishwa kwa mwili wa zamani.

Kasoro za mwili nazo zimerudi zote. Mabawa, mapezi ya mkia, ngumi na mitambo ya makombora ni vipande vinavyochomekwa na kuchomolewa, na kila kimoja ni mwaliko wa kupotea chini ya kochi. Magoti hayakunjiki kwa maana ya kuigiza mwendo, kiuno hakizunguki, na mikono hufanya kidogo zaidi ya kuinuka na kushuka. Roboti aliyetolewa mwaka huohuo wa 2003 kwa kalibu mpya angeweza kupiga goti na kulenga shabaha. Huyu husimama wima kama askari wa gwaride. Mzazi anayetafuta kitu cha mtoto wa miaka sita kuchezea sakafuni asimnunue Sunstorm, na mwuzaji anayemwambia vinginevyo anamdanganya. Hapa sina la kumtetea.

Sasa nije kwenye sababu ya rangi, ambayo ndiyo kiini cha kisa. Sehemu ya kwanza ya katuni ya Transformers ilirushwa Marekani mwezi wa Septemba mwaka 1984, na ilianza Cybertron, sayari ya roboti hao, kabla ya vita vyao kuletwa duniani. Katika mapambano ya mwanzo wanaonekana Decepticon, yaani roboti wa upande wa maadui, wa kuruka wenye rangi ambazo hazikuwa za kichezeo chochote kilichouzwa, na mmoja wao ni wa manjano inayoelekea chungwa. Hakupewa jina. Hakuonekana kwa muda mrefu, na yaelekea waliomchora walihitaji tu kujaza anga kwa maadui. Watoto waliokuwa wakitazama, hata hivyo, walimwona, na baadhi yao walikua wakubwa wakiwa bado wanamkumbuka.

Miaka kumi na tisa baadaye e-HOBBY ilimchukua askari huyo asiye na jina, ikampa jina la Sunstorm, mwili wa kushikika na tabia yake mwenyewe: kiumbe anayetoa mnururisho wa hatari mwilini na kuamini kwamba ameteuliwa na mamlaka ya kimungu. Tazama jinsi tabia ilivyochotwa kutoka katika rangi. Aliyepanga kazi hii alitazama manjano na chungwa akaona jua, kutoka kwa jua akafika kwenye joto na miale, na kutoka kwenye miale akafika kwa mtu anayejiona mtakatifu kwa sababu hakuna anayeweza kumkaribia bila kuungua. Huo ni uandishi, tena uandishi mzuri, uliofanywa kwa ndoo ya rangi na karatasi moja ya maelezo. Mwaka 2004 kampuni ya Dreamwave ya Kanada ilimwingiza katika hadithi zake za picha kama adui mkubwa, na baadaye Takara, ikiwa imekwishaungana na kampuni ya Tomy, ilimtoa tena katika mfululizo wake wa Masterpiece, wenye vichezeo vikubwa na vya gharama zaidi. Mhusika aliyezaliwa kwa kupakwa rangi upya akawa na uzao wake.

Mfano wa karibu unasaidia kupima. Karibu na wakati alipotoka Sunstorm, e-HOBBY ilitoa pia Road Rage, ambaye ni gari la Corvette la mwili wa roboti aitwaye Tracks kwa rangi nyekundu, na Clampdown, Lamborghini ya mwili wa roboti aitwaye Sideswipe kwa rangi za polisi. Rangi hizo zilikuwa na mizizi katika Diaclone, ambako magari hayo yaliwahi kuuzwa hivyo kabla ya jina la Transformers. Hao nawaheshimu kama kumbukumbu ya historia ya kiwanda. Sunstorm hakutegemea kumbukumbu ya kiwanda, kwa kuwa rangi yake ilitoka kwenye skrini, ikakaa katika vichwa vya watazamaji, ndipo ikafika kwenye plastiki. Njia hiyo ni ndefu zaidi, na kwangu mimi ina uzito zaidi.

Hapa mpwa wangu alinipinga, na pingamizi lake ndilo lililo gumu kuliko yote. Alikuwa ameitazama sehemu ile ya katuni, akakumbuka kuwa vita vile vilipiganwa kabla ya safari ya kuja duniani. “Mjomba,” akasema, “kule kwao hakukuwa na F-15. Walipata maumbo hayo baada ya kuamka huku kwetu.” Ana haki kabisa. Kwa mujibu wa katuni yenyewe, roboti hao walilala miaka milioni nne ndani ya chombo kilichoanguka duniani, na kompyuta ya chombo hicho ndiyo iliyowaunda upya kwa maumbo ya mitambo ya wanadamu, Skywarp akiwa wa kwanza kuamshwa. Kule Cybertron waliruka kwa umbo jingine, lenye pembe kama piramidi iliyolazwa. Maana yake ni kwamba Sunstorm wa mwaka 2003 amevikwa mwili ambao askari yule wa manjano hakuonekana nao katika mapambano yale.

Nimelifikiria pingamizi hili kwa muda kuliko mengine, na silikwepi. Kama kipimo chetu ni uaminifu kwa picha, kichezeo hiki kimekosea, na rangi sahihi juu ya umbo lisilo sahihi ni nusu ya kazi. Ninachosema ni kwamba waundaji walikuwa na kalibu moja mkononi, ile ya F-15, na kuchonga kalibu mpya kwa ajili ya mhusika wa sekunde chache lilikuwa jambo lisilowezekana kibiashara. Walikuwa na njia mbili: wamwache bila mwili, au wampe mwili wa ndugu zake. Walichagua ya pili, kisha wakaandika kisa kinachomfanya astahili kuwa duniani. Ninampunguzia alama kwa hilo, nami ninawashukuru waliomtoa. Mpwa wangu hakuridhika, na sikumlazimisha.

Liko pia suala la usalama, ambalo hubadilisha sura ya matoleo ya aina hii kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtoto mmoja Marekani alifariki baada ya kombora dogo la kichezeo kumkwama kooni, na tangu hapo vichezeo vinavyofyatua vilianza kutazamwa kwa jicho kali. Hasbro iliporudisha vichezeo vya kizazi cha kwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ililazimika kuvibadilisha: Optimus Prime, kiongozi wa roboti wema, wa mwaka 2002 alipunguzwa mabomba ya moshi yakawa mafupi, na ndege za kundi la Starscream zikapewa makombora marefu yanayozidi kipimo chochote cha sura nzuri. Wakusanyaji wengi waliyalaumu mabadiliko hayo. Mimi siwezi kulaumu sheria inayolinda koo la mtoto. Ninachosema ni kwamba mtu anayelinganisha matoleo ya Marekani na ya Japani ajue analinganisha vitu vilivyopita katika malango tofauti. Sunstorm aliuzwa Japani kwa watu wazima wanaokumbuka utoto wao, na makombora yake yalibaki na urefu unaolingana na mwili. Ukiwa na watoto wadogo nyumbani, vipande hivyo viwekwe juu kabisa ya kabati, kama ninavyofanya.

Neno moja kuhusu uzee. Plastiki nyeupe na ya kijivu ya vichezeo vya miaka ya 1980 huelekea kugeuka manjano inapokaa penye mwanga wa jua, na Starscream wengi wa zamani wana bawa moja lililogeuka manjano na jingine lililobaki safi, kwa sababu waliwekwa miaka mingi dirishani kwa upande mmoja. Rangi ya Sunstorm humsetiri kidogo na aibu hiyo, ingawa jua linaweza kumfifisha naye kwa njia nyingine. Wa kwangu hakai karibu na dirisha.

Mahali ninapokilaumu kisa hiki bila kusita ni katika kuuzwa kwake. Toleo lililofungiwa katika duka moja la nchi moja humlazimu kila aliye nje ya nchi hiyo apitie mkononi mwa mtu wa tatu, na kila mkono unaopita hukata posho yake. Kwetu Afrika Mashariki, ambako wengi tulizikuta roboti za kugeuka kwa mara ya kwanza zikiwa ndani ya mifuko ya plastiki isiyo na jina la kampuni wala la mhusika, kichezeo kama hiki hufika kikiwa kimelipiwa usafiri, ushuru na faida za watu kadhaa. Bei ikipanda namna hiyo, feki hufuata nyuma yake. Nakala bandia mara nyingi hutengenezwa kwa kuchukua umbo la kichezeo kilichokamilika, na kwa kuwa plastiki hunywea inapopoa, kinachotoka huwa kidogo kuliko asili na mistari yake huwa imepoteza ukali. Anayenunua kwa mkono wa pili aombe picha ya karibu ya mistari ya mabawa na ya uso, aulize kama ngumi zinashika au zinadondoka zenyewe, na asilipe chochote kabla ya kuona vipande vyote vidogo vimepangwa mezani, kimoja kimoja. Bawa moja lililokosekana linaweza kukugharimu msako wa miaka.

Baada ya hayo yote mpwa wangu alitaka hukumu ya neno moja, nami nikakataa kumpa moja. Kama kichezeo cha kuchezewa, Sunstorm ni dhaifu, na alikuwa dhaifu siku aliyotoka. Kama toleo la kurudishwa, ni zuri kwa kazi ya plastiki na baya kwa njia ya kumfikia mnunuzi. Kama upakaji wa rangi upya, ninamweka miongoni mwa bora ninaowajua, kwa sababu ukimvua rangi yake hakuna kinachobaki cha kumwita Sunstorm, na ukiitazama rangi hiyo peke yake unaweza kuisoma tabia yake yote. Kwa Starscream sivyo. Hata ungempaka kijani, angebaki msaliti anayekitamani kiti cha Megatron, kiongozi wa Decepticon.

Mpwa wangu alizirudisha ndege zote mbili kabatini. Ya kijivu aliiweka katika umbo la ndege kama alivyoikuta. Ya manjano aliiacha ikiwa roboti, kwa maelezo kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa haijavaa umbo la F-15, na tangu jioni ile sijaigeuza.